Chumba cha Maboksi na Mfumo wa Dunia

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani nikienda kazini, nikafika nimelowa kama kifaranga. Daftari hili nimepewa na wifi yangu. Anasema nikiandika hata mstari mmoja kwa siku, akili haitaganda. Nimemwambia akili yangu haijaganda, imechoka tu. Naandika huku nanyonyesha, kwa hiyo mwandiko ukipinda, mwenye kosa ni Meneja.

Meneja ni binti yangu, ana miezi saba. Baba yake ndiye aliyembandika jina hilo, kwa kuwa hafanyi kazi yoyote, anapiga kelele tu, na watu wazima watatu wanakimbia. Hao watatu ni mimi, mume wangu ambaye ni fundi wa vigae, na wifi, mdogo wake mume wangu, anayesoma chuo na kulala sebuleni kwetu.

Mimi nashona kola. Sikusema mashati, nimesema kola. Kiwandani kwetu kila mmoja ana kipande chake: kuna wa mikono, wa mifuko, wa vifungo. Shati likishakamilika linapanda meli kwenda kuvaliwa na watu ambao shingo zao nazijua kwa vipimo tu.

Linaloninyima raha ni hili. Wifi ndiye anayekaa na Meneja mchana, maana vipindi vyake ni vya jioni. Muhula ukiisha, mwisho wa Mei, anakwenda mji mwingine kwa mafunzo ya vitendo. Mtoto atabaki na nani? Kiwandani hakuna pa kuweka watoto. Nikikosa pa kumweka, naacha kazi, na kazi naipenda, hata kama ni ya kola.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kola. Meneja ameota jino na amenionyesha linavyofanya kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi ana mtihani wa mdomo mwezi Mei. Atasimama mbele ya walimu alinganishe Umaksi na nadharia ya mfumo wa dunia. Anataka kufanyia mazoezi kwangu, maana Meneja akianza kuelezwa hulala.

Nikamwambia haya, elezea, mimi naosha vyombo.

"Umaksi, wifi, unasema angalia nani ana mashine na nani ana mikono mitupu. Mwenye mashine anamwajiri mwenye mikono. Anamlipa, lakini thamani inayotoka kwenye ile mikono inazidi malipo. Kinachozidi kinabaki kwa mwenye mashine. Hapo ndipo penye ugomvi wa matabaka."

"Basi Mama Vifungo wa kazini ni Mmaksi tangu tumboni mwa mama yake. Na hiyo nyingine?"

"Hiyo inasema usitazame kiwanda kimoja wala nchi moja. Tazama dunia nzima kama kitu kimoja chenye mgawanyo wa kazi. Kuna nchi za kitovu, zenye mitaji na chapa kubwa. Kuna za pembezoni, zenye kazi ya kuchosha na bei ya chini. Katikati kuna zile zinazonyonywa upande mmoja na kunyonya upande wa pili."

"Kunyonywa nakujua," nikamwambia. "Endelea."

Alicheka mpaka Meneja akaamka. Basi darasa likavunjika.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi anaujua mgawanyo wa kazi wa dunia nzima. Mgawanyo wa vyombo vya humu ndani haujui. Leo nimemkuta anasoma na sufuria za jana zimemzunguka kama wageni waliokosa viti. Nilimwambia kwa upole, lakini nilimwambia: "Wifi, mimi nakupenda, na hizo sufuria zinakusubiri wewe." Akanuna. Akaosha. Nilisikia vifuniko vikiongea kwa niaba yake.

Namwona bado mtoto. Ana akili nyingi na mikono michache.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimemweleza Mama Vifungo shida yangu. Yeye ni mkongwe wa ukumbi wa kushonea, mashine yake ndiyo inayotoboa matundu ya vifungo, na mdomo wake unafanya kazi iyo hiyo.

"Mwanangu," akaniambia, "hauko peke yako. Wa mikono ana mapacha. Wa mifuko anamwacha wake kwa jirani mwenye usingizi wa pono. Na kile chumba cha mwisho wa ukumbi kimekaa kinahifadhi maboksi. Kinaingia watoto wote wale na nafasi inabaki."

Chumba chenyewe kina madirisha mawili na sakafu kavu hata mvua ikinyesha vipi. Kimejaa mpaka darini maboksi ya mashati yaliyokataliwa na mnunuzi wa ng'ambo: hili uzi umepinda, lile rangi imekuwa nzito kidogo.

Tumekubaliana kumwendea mwenye kiwanda. Sisi tunamwita Mzee Kesho. Ukimwomba taa, kesho. Ukimwomba kiti chenye miguu yote, kesho. Mama Vifungo akasema safari hii tusiende mikono mitupu, twende na bango.

Ijumaa, 22 Machi

Sijui nicheke au nilie, kwa hiyo naandika.

Bango tulilishona saa ya chakula, kwa mabaki ya kitambaa cheupe. Tulikuwa na haraka, na tukiharakishwa mikono yetu inajiendesha. Kitambaa kilipita kwenye mstari wa mashine kama kinavyopita kila siku, mezani kwa huyu, mezani kwa yule, hakuna aliyeinua macho. Tulipokikunjua mbele ya ofisi ya mzee, bango lilikuwa na maandishi CHUMBA CHA WATOTO SASA, na mfuko wa kifuani, na matundu ya vifungo yamepangika upande mmoja. Juu yake lilikuwa na kola. Nzuri kabisa, naitambua kazi yangu.

Kisha Mzee Kesho akauliza, "Mnanidai chumba au mnanipima shati?"

Tulicheka sisi, akacheka yeye, na hasira yote tuliyokuja nayo ikamwagika sakafuni. Mama Vifungo peke yake ndiye aliyeikusanya.

"Mzee, tumecheka, sasa utujibu. Kiwanda cha nani?"

"Changu."

"Chumba cha nani?"

"Changu."

"Na maboksi?"

"Ya mnunuzi. Yana nembo yake. Amenikataza kuyauza, kuyagawa, hata kuyachoma, mpaka atoe idhini. Nimeomba idhini tangu mwaka juzi."

"Basi ni mpangaji huyo. Mwambie ahame."

"Nitamwandikia," akasema mzee. Na sote tukamalizia naye kwa pamoja: "Kesho."

Jumapili, 24 Machi

Nimemsimulia wifi habari ya maboksi nikitegemea atacheka kuhusu kola. Alicheka, kisha akaruka kutoka kwenye kochi.

"Wifi! Huo ndio mfumo wa dunia wenyewe! Mwenye kiwanda anashindwa kuhamisha maboksi kwenye chumba chake mwenyewe! Kwenu yeye ni bosi, lakini kwa mnunuzi ni kibarua kama nyinyi. Anabanwa naye anabana."

"Taratibu. Usije ukamlilia. Kibarua gani ana dereva?"

Akakaa. Akafikiri, na ninapenda akifikiri, anafanana na kaka yake anapopima ukuta. "Hapo umesema wanachosema Wamaksi," akajibu. "Wanawalaumu wale wa mfumo wa dunia kwamba wanatazama mbali mno, biashara ya nchi na nchi, mpaka wanasahau ugomvi ulio palepale kwenye mashine. Nao wanajibu kwamba ukiutazama ukumbi peke yake, umesahau kwamba ukumbi una mlango, na kuna mtu nje ameushika."

"Kwa hiyo ni maadui?"

"Hapana. Hii ya pili ni mtoto wa ile ya kwanza. Ila ni mtoto aliyehama nyumba, na akirudi kusalimia wanabishana."

Hilo nimelielewa. Mimi na mama yangu ni hivyohivyo.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nguo za Meneja hazikauki. Zimetundikwa mpaka kwenye mpini wa mlango.

Jumapili, 7 Aprili

Nimefua tangu asubuhi. Wifi alikuja akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani.

"Sikia hiki, wifi. Wa mfumo wa dunia wanasema mshahara wa pembezoni unaweza kuwa mdogo kwa sababu nyumbani kuna mtu anayelea, anayepika na anayefua bila malipo. Kiwanda kinampata mfanyakazi aliyeshiba na kufuliwa, na gharama imebebwa na kaya. Wamaksi nao wapo waliolisema hilo, hasa wanawake, lakini hawa wa mfumo wa dunia kaya wameiweka katikati ya hesabu yao."

"Waliligundua vipi?"

"Utafiti wa miaka mingi."

"Wangekuja hapa Jumapili moja tu."

Mume wangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati, akachukua lile beseni la nepi. Anafua kama anavyopanga vigae, kwa mistari, lakini zimetakata.

"Nadharia gani hiyo?" akauliza.

"Ya kukufanya ufue," wifi akamjibu kaka yake.

"Basi imefaulu. Waambie walimu wakupe maksi."

Na wifi, bila kuambiwa, akaenda jikoni kwenye sufuria. Nilikaa kwenye ndoo yake nikanyoosha miguu. Labda nilikuwa namhesabia mikono vibaya.

Jumatano, 10 Aprili

Nimelala vizuri.

Jumatatu, 22 Aprili

Tumemuuliza mzee kama ameandika. Ameandika kweli, alituonyesha na jibu: suala lenu linashughulikiwa. Mama Vifungo akamwambia, "Mzee, pole. Kumbe nawe una Kesho wako." Mzee hakucheka. Nilimwonea huruma kwa kiasi cha dakika moja, kisha nikakumbuka kiti changu cha miguu mitatu.

Alhamisi, 9 Mei

Ukumbi umechafuka. Jumanne ijayo mkaguzi wa mnunuzi anakuja kukagua kazi kabla shehena haijaondoka. Mama Vifungo leo alisimama saa ya chakula. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi apige kelele, na sisi tujibu kwa kelele, utafikiri tunatukanana.

"Jumanne tunazima mashine! Mkaguzi aingie akute kimya! Mzee atakitoa chumba hata kama ni kwa kuyabeba maboksi kichwani!"

Wengi walipiga makofi. Wa mikono hakupiga. "Na mnunuzi akiipeleka oda kwingine? Dada yangu alikuwa kiwanda kile cha ng'ambo ya barabara. Walizima asubuhi, wakaahidiwa, na oda iliyofuata ikaenda nchi nyingine kabisa. Sasa pale ni ghala."

"Woga wenu ndio unawafuga!"

"Watoto wangu ndio wananifuga, mama!"

Na wote walikuwa wanasema kweli, hapo ndipo pabaya. Tusipofanya kitu, mimi baada ya wiki tatu sina kazi. Tukizima, huenda ukumbi mzima hauna kazi. Nimerudi nyumbani na kichwa kizito kama nepi iliyoloa.

Nilimweleza wifi. Nilidhani atachagua upande.

"Mama Vifungo ana haki," akasema. "Bila nyinyi kushikamana, hakuna atakayehamisha hata boksi moja. Na wa mikono ana haki. Mtaji una miguu, nyinyi mna watoto mgongoni. Kitovu hakiogopi nyinyi kuzima, kina pembezoni nyingi."

"Kwani kinaogopa nini basi?"

"Wateja wake. Kuna watu huko wanalipa zaidi ili waambiwe shati lao ni safi, halina jasho la dhuluma."

Nilikuwa namsafisha Meneja. Hapo nikakumbuka lile tangazo la mnunuzi lililobandikwa karibu na saa yetu ya ukutani, ninalitazama kila siku nikisubiri muda uishe. Masharti yake ni mengi, lakini la kwanza, kwa herufi nene: HAKUNA MTOTO NDANI YA UKUMBI WA KUSHONEA. Limewekwa ili watoto wasifanyishwe kazi, na ni sharti jema. Halisemi umri.

Nikamtazama Meneja. Meneja akanitazama, mguu mdomoni.

"Wifi," nikasema, "hatuzimi kitu."

Ijumaa, 10 Mei

Nimewaambia. Mama Vifungo alinibusu kwenye paji la uso mbele ya watu. Wa mikono anasema mapacha wake hawatulii. Tukamwambia ndiyo vizuri.

Jumanne, 14 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, jua halijazama bado, nimechoka na nina furaha.

Asubuhi kila mama alikuja kazini na mtoto wake. Mimi nilimfunga Meneja mgongoni. Mapacha wa yule wa mikono walitambaa chini ya meza ya kukatia. Wa mifuko aliweka wake kwenye kapu la vitambaa, kichwa tu kinaonekana, kama zao jipya. Tulikaa kwenye mashine zetu, tukashona. Hatukusema neno baya. Mashine zote zilikuwa zinalia, na watoto nao.

Mzee alipoingia alishika mlango. "Mama Meneja! Hiki ni nini?"

"Shikamoo, mzee. Kazi inaendelea."

"Mkaguzi anakuja leo!"

"Tunajua, mzee. Ndiyo maana tumewahi."

Hakuwa na muda wa kujibu, gari lilikuwa limeshafika. Mkaguzi ni kijana mwembamba mwenye koti la mvua na kamera. Aliingia akitabasamu, hatua ya tatu tabasamu likadondoka. Pacha mmoja alikuwa amemshika kiatu.

"Kuna watoto humu ndani," akasema.

"Wapo," akajibu Mama Vifungo, bila kusimamisha mashine.

"Hairuhusiwi. Mtoto akionekana kwenye picha yoyote, hili shati halinunuliki. Watolewe sasa hivi."

Wote walinigeukia mimi, maana wazo lilikuwa langu. Nikasimama. Meneja alikuwa anavuta sikio langu.

"Tuwatoe tuwapeleke wapi, kaka? Nje mvua."

"Hakuna chumba?"

"Kipo. Kina maboksi yenu."

Tukamwonyesha. Alifungua mlango, boksi moja likamwangukia miguuni kama lilikuwa linamngoja. Akaanza kumkaripia mzee: usimamizi gani huu, atafikisha taarifa, oda inaweza kusimamishwa leo hii. Na mzee alisimama mbele yake mikono nyuma, macho chini, anasema ndiyo, ndiyo, samahani. Kusimama kule nakujua. Ndivyo ninavyosimama mimi ofisini kwake. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Mkaguzi akasema, "Oda nasimamisha mpaka..."

"Kaka," nikamkatiza, na sijui sauti ilitoka wapi, "ukisimamisha, mashati yako hayapandi meli ya wiki hii, na wewe utaulizwa. Ukituruhusu kutoa nembo kwenye mashati yale, hayana jina lenu tena, maboksi yanaondoka leo na watoto wanaingia humo. Utapiga picha ya ukumbi usio na mtoto hata mmoja, na ya chumba cha watoto. Ipi utapenda kuwapelekea waliokutuma?"

Mvua ilipiga bati. Mzee aliinua macho. "Nimewaandikia kuhusu maboksi haya tangu mwaka juzi," akasema kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia. "Ninazo nakala zote. Nataka jibu kabla hujapanda gari."

Mkaguzi alitoka akasimama chini ya paa, akapiga simu. Aliongea muda mrefu akitembea huku na huko. Tulishona, lakini naapa hizo kola za leo sitaki mtu azitazame kwa karibu. Alirudi na maneno mawili: "Toeni nembo."

Ukumbi ulilipuka. Kila aliyekuwa na mkasi aliushika. Mzee Kesho naye alivua koti akabeba maboksi, na alipobeba la tatu akasema mgongo, tukamwambia pole, chukua dogo.

Jumatano, 15 Mei

Mwili wote unauma. Meneja amezima kwa usingizi saa saba mchana katika chumba chenye madirisha mawili.

Alhamisi, 23 Mei

Wifi amefaulu! Amekuja anaruka kwenye madimbwi kama mtoto. Mwalimu mmoja alimbana mwishoni: sema basi, nadharia ipi ya kweli?

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia Umaksi unakuonyesha nani amekukalia. Mfumo wa dunia unakuonyesha na yeye amekaliwa na nani. Nikamwambia lakini wakati wa kuinuka, unaanza na aliye juu yako moja kwa moja, na unachagua siku ambayo aliye juu kabisa amekuja kutembea."

"Walimu wakasemaje?"

"Mmoja aliandika. Mmoja akasema pembezoni si mahali pa kusubiri tu. Wa tatu akaniuliza kama mtoto aliye mgongoni anahesabiwa kama nguvu kazi."

Nikamkumbatia. Nitamkosa huyu mtu, na kelele za vifuniko vyake.

Jumatatu, 27 Mei

Wifi ameondoka asubuhi. Kaka yake alibeba sanduku akijifanya macho yanawasha.

Kazini kumetokea jambo. Chumba kipo, lakini nani anakaa na watoto? Mzee alisema mama mmojammoja kwa zamu, na saa hizo zisiingie kwenye malipo, maana "mtakuwa mmepumzika". Nilimwambia, kwa heshima zote, akae yeye saa moja na wale mapacha kisha anieleze kuhusu kupumzika.

Alikaa. Nusu saa. Alitoka na maziwa begani na kiatu kimoja.

"Zamu italipwa," akasema.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua zimeisha. Leo ilikuwa zamu yangu ya kwanza. Niliwalisha, nikawabadilisha, nikawaimbia, wakalala mmoja baada ya mwingine, wa mwisho Meneja, kama kawaida ya mameneja kutoka kazini wakiwa wa mwisho ili waonekane. Nikajilaza mkekani pembeni yake nimpapase kidogo tu.

Nikashtuka mtu amefungua mlango. Alikuwa mzee. Alituona wote tumelala, mimi nikiwa nimefumbua jicho moja na ushahidi wa mate shavuni. Nikangoja maneno.

Akaweka kidole mdomoni, akarudisha mlango polepole. Nikamsikia huko ukumbini akiwaambia: "Punguzeni kelele, kuna watu wako kazini."

Nikafumba na lile jicho jingine.